Macho ya Kopo Moja

Makoro hayapendi rangi.
Yananyonya kopo zima la nyeupe
kabla ya kukubali hata paji la uso.
Nayajua. Miaka kumi na tisa nayapaka hapa Majengo:
saluni, duka la dawa, mkasi, sindano,
simba wa unga wa ngano,
na tangu Juni, wafu.

Mama Kavira alikuja na kadi ya kura ya mwanawe,
picha kama ukucha, imefifia kwa jasho la mfuko.
"Mchore anatazama barabara,
aone nani anapita bila kumsalimu."
Nikamchora Katembo: shati la kijani, chukudu yake,
tarehe mbili, na neno moja
ambalo vijana wa kona walilitaka jekundu.

Wiki haikuisha.
Ng'ambo ya njia, mzee Sebaganji alinivuta mkono:
nao walikuwa na wao, Hakiza.
Picha hakuna. Iliungua na nyumba.
Alikuwaje? niliuliza.
Dada yake alifikiri mpaka rangi ikashika utando.
"Alicheka upande mmoja."

Basi nikachora kicheko cha upande mmoja.
Macho sikuambiwa.
Mkono ulikwenda wenyewe,
ukaazima macho uliyoyazoea.

Sasa wanatazamana, hatua tisa,
barabara ya vumbi jeusi katikati yao.
Usiku kila upande hutuma watoto na tope
wakampofue wa ng'ambo.
Alfajiri naitwa, huku kwa siri, kule kwa siri,
nawarudishia kuona kutoka kopo moja.

Wenye bunduki walipobadilika, ililetwa chokaa.
Hao hawakubagua, walifuta wote.
Lakini makoro yana matundu,
na chokaa ni mvivu wa kuingia ndani.
Mvua tatu tu, vijana wakaanza kurudi,
kwanza macho.

Jana Mama Kavira alivuka na bidoni la maji kichwani.
Alisimama mbele ya Hakiza, muda wa kuchemsha chai.
Hakugeuka.
"Huyu umempa macho ya nani?"
Nilikoroga rangi iliyokwisha kukorogeka.
"Nilikosa picha, Mama."

Akatua bidoni.
Akalowesha ncha ya kitenge, akafuta tope.
Kwenye macho.
Kwenye macho tu.
Kicheko akakiacha na uchafu wake,
akajitwika, akavuka.