Ripoti ya Namba Mbili

Dakika ya kwanza upepo umenipokonya karatasi.
Hapa Dodoma upepo hauombi ruhusa:
unachukua kofia ya kocha, unachukua krosi,
unampa kipa mpira ambao hakuutaka.
Nimekaa juu ya tofali, nyuma ya kibendera cha kona,
saa mfukoni, kalamu mdomoni,
majengo ya chuo yamepanga foleni kilimani.

Jina: Lameki Ndahani.
Umri: ishirini na mbili, kwa mujibu wa cheti.
Mwaka wa tatu, anasomea takwimu.
Urefu: futi tano na inchi saba, tena na viatu.
Mguu: wa kulia. Wa kushoto ni wa kupandia ngazi.

Bosi ameshapiga simu mara mbili kutoka Dar:
"Ana kasi? Anapanda? Anamimina majalo?"
Anataka beki mwenye kelele,
wa kujaza video ya dakika mbili.

Mimi natazama nyonga.
Mguu hudanganya, macho hudanganya,
nyonga ni shahidi asiyejua kuapa uongo.
Winga wao, mwembamba kama ufito,
anamtikisia bega hili, anamtikisia lile.
Lameki hali chambo.
Anarudi kinyumenyume, hatua fupifupi,
kama mtu anayefunga mlango polepole mtoto asiamke.
Mlango ukishafungwa, winga yuko nje ya chaki,
yeye, na mpira, na aibu yake.

Baada ya nusu saa nikaona kitu,
au tuseme sikuona kitu:
mpira hauji tena upande wetu.
Kocha wao alipiga mluzi, akapunga mkono,
"Huko acheni! Pitieni kulia!"
Vumbi lote likahamia ng'ambo
nikabaki na Lameki, na kimya,
na mbuzi wawili waliokuja kula nyasi za kona.

Daftari langu lina safu.
Mipira aliyopokonya: mmoja.
Vichwa alivyoshinda: hakuna.
Halina safu ya yasiyotokea.
Krosi ambayo haikupigwa utaiandika wapi?
Goli lisilofungwa ni la dakika ya ngapi?

Dakika ya sabini na moja akateleza.
Sitamficha.
Changarawe, au kiatu cha kuazima,
au mtihani wa Jumatatu ulipita kichwani:
winga akachomoka, akamimina, wakafunga.
Hapo nikakaza macho.
Wapo wanaomgeukia kipa kwa matusi,
wapo wanaoshika paja, ghafla wanachechemea.
Yeye alirudi mahali alipoteleza,
akapasugua kwa soli, akaokota jiwe,
akalirusha nje, akasimama nafasi yake.
Dakika mbili baadaye winga akaja tena na furaha yake.
Akamkuta yupo.

Mwaka wa tisini na nane, uwanjani Mpwapwa,
mtu nisiyemjua alikaa nyuma ya kibendera
akaandika juu yangu: "Mzito kugeuka."
Maneno mawili. Nikarudi Hombolo kuchuma zabibu za watu.
Huenda hakukosea;
hata leo nikiitwa kwa nyuma, nageuka mwili mzima.

Filimbi ilipolia nikamwita.
Akaja na chupa ya maji, hajui mimi ni nani.
"Yule winga ulimsoma vipi?"
Akafuta vumbi kwa kiganja.
"Akitaka kukata ndani, anavuta pumzi kwa mdomo.
Nilihesabu. Mara tisa katika kumi na moja."
"Na ile aliyokupita?"
"Alikuwa na mafua ya kweli," akasema, bila kucheka.

Simu ikalia mara ya tatu.
"Haya, sema. Anafaa?"
Upepo uliingia kwenye simu kabla yangu.
"Bosi, upande wake unaweza ukalala mlango wazi."
"Nini? Haloo? Sisikii kitu!"
"Ndivyo hivyo," nikasema,
"ndivyo anavyocheza."