Somo la Mitalawanda

Bi Kadzo aliandika ubaoni, chaki ikilia:
Kujifunza ni badiliko la tabia linalodumu.
Nikanukuu, nikapiga mstari kwa rula.
Halafu akaleta habari za mbwa na kengele,
mbwa anayedondokwa na mate nyama haijaja bado,
darasa zima likacheka. Lamu hii, mbwa wa nani?
Basi chukueni paka, akasema.
Kisu kikigonga ubao pale soko la samaki,
paka hangoji kuona samaki.
Mlio ndio samaki.

Usiku ule nilikuwa chumba cha juu, nasoma,
Lali kalala kifudifudi ubavuni mwangu:
mwaka na miezi minne, meno sita, maneno matatu,
mai, paka, na hapana.

Ngazini: ko. Ko. Ko.

Nikafunga kitabu.
Nikakisukuma chini ya mto, nikakaa wima,
mikono mapajani kama mtoto aliyekwisha kuogeshwa,
mimi, mama mzima,
ada nimeilipa kwa visheti vyangu mwenyewe.

Alikuwa kaka yangu Bwanaheri, atoka msalani,
kavaa mitalawanda ya baba.
Baba tumemzika, mwaka wa nne huu.
Wala hakuwa mpigaji, nisimzulie maiti;
mara mbili tu, ile ya kitabu na ile nyingine.
Ila mbao ilitangulia neno,
neno likatangulia mkono,
na mwili hauna kalenda.

Ningeliishia hapo ningelicheka,
ningeliandika pembeni: ukurasa wa arobaini na moja, ni mimi.
Lakini Lali alikuwa macho.
Hakutazama mlango. Alinitazama mimi,
akanisoma uso kama anavyosoma kijiko kinachokuja.
Alfajiri, Bwanaheri alipokwenda kutawadha,
ko, ko,
mtoto akaacha kifuniko alichokuwa akikigonga,
akakaa wima.
Mikono mapajani.

Babu yake hata hamjui.

Nalo hilo lina jina, lipo ukurasa wa pili yake:
kujifunza kwa kuiga. Bi Kadzo alilipitia mbio mbio,
kengele ya saa saba ilikuwa karibu
na sote tulishaanza kumeza mate.
Hakutuambia kwamba hofu hurithiwa bila wasia,
bila kadhi, bila mashahidi,
na kila mrithi huipata yote.

Ijumaa nikamwambia Bwanaheri, niazime mitalawanda.
"Ya kiume hiyo."
Niazime. Ni ya mtihani.

Mguu wangu ulielea ndani yake.
Pale kisigino cha baba kilipokaa miaka yote
mbao imeingia ndani, kishimo, laini kama kikombe.
Sikukitegemea kishimo.
Nilisimama uani kidogo, nguo zikinidondokea maji toka kambani.

Ko. Lali akakaa wima. Nikampa chembe ya halua.
Ko. Halua.
Ko. Akanitazama usoni, na uso nilikuwa nimeupanga
kama watu wapangavyo sebule wageni wakipiga hodi,
vurugu yote imesukumwa chumbani.
Hakudanganyika. Halua aliila, wima vilevile.
Hatua ya tisa au ya kumi nikateleza,
mtalawanda mmoja huko, mimi huku, puu! kwenye beseni la nguo.
Akacheka mpaka halua ikamtoka puani.
Hilo sikulipanga. Kitabuni halimo.

Swali la tatu la mtihani:
Eleza namna tabia iliyofundishwa inavyozimika.
Niliandika kwamba haizimiki,
hupakwa nyingine juu yake kama chokaa ukutani,
na mvua ikizidi utaiona ile ya zamani.
Alama nne kwa kumi. "Soma tena," wino mwekundu.

Nasoma tena.
Huko chini Lali kaingiza miguu yote miwili
ndani ya mtalawanda mmoja, haendi mbele wala nyuma,
anajisemea mwenyewe: ko. Ko.
Neno la nne.
Mkono wangu umeinuka, umefika kwenye jalada,
umekaa hapo.