Kiatu cha Tumpale

Ulipiga saa nne usiku, nimeshafunika sufuria.
Kwenu ilikuwa saa mbili, ukasema giza limeingia tangu saa kumi,
nikadhani unatania.
Jua la Segerea halina adabu hiyo.
Desemba hii limekaa juu ya bati kama mdai,
na feni inalihamisha joto kona hadi kona, basi.

Ukasema: Mama, jana usiku niliweka kiatu nje ya mlango.
Kiatu gani? Kimelowa?
Hapana, Mama, ndivyo wanavyofanya hapa Linz,
usiku wa Nikolasi, askofu wa zamani.
Ukiamka unakuta zawadi.
Ukakuta nini, mwanangu?

Kimya. Nikadhani bando limekata.

Karanga, ukasema.
Karanga na machenza mawili.

Nilicheka, Tumpale, usinilaumu.
Nilicheka mpaka Baba Shakila akagonga ukuta.
Karanga! Zilizokulipia ada,
nilizozikaanga kwa mchanga na kuzipepeta alfajiri,
nikazifunga kwa kurasa za daftari lako la darasa la sita,
hesabu zako za sehemu zikatembea hadi Barakuda,
watu wakatafuna, wakasoma,
mtaa mzima ukajua ulikosa namba saba.
Umepanda ndege mbili, umevaa masweta matatu,
ili mtu akufichie karanga kiatuni!

Ndipo nikasikia unalia.

Hukulia barafu ilipokuangusha mbele ya shule.
Hukulia ulipofukuzwa na wale wenye pembe na kengele viunoni,
vinyago vya Mwenge vilivyoota miguu;
ulinitumia picha, ukacheka.
Ulilia kwa karanga.
Zilikuwa za maganda, ukasema, hazina chumvi,
na vidole vilianza kumenya kabla sijaviambia.

Na yule mama mwenyeji wako, Roswitha,
alikaa kando yako kwenye ngazi, hakuuliza kitu,
akamenya moja, akakupa.
Mwambie nimeshukuru.
Mwambie kwa Kijerumani, usifupishe.

Ukanieleza na habari ya mishumaa:
minne juu ya shada la matawi,
Jumapili moja mmoja, Jumapili nyingine miwili,
watu wanangoja hivyo, hawana haraka.
Kwetu mshumaa ni habari mbaya.
Lakini Jumapili nikawasha miwili mezani,
umeme ukiwepo, taa nimezizima mwenyewe.
Wa pili ulishapindwa na joto kabatini,
ukasimama kama mzee wa kanisa anayesinzia.

Baba Shakila akachungulia dirishani:
Mama Tumpale, luku imeisha? Nikununulie uniti za elfu mbili?
Haijaisha, jirani. Nahesabu.
Unahesabu nini?
Nikakosa la kumjibu, nikampa kiti.
Tukakaa gizani, Mwislamu na Mmoraviani,
tukiutazama mshumaa uliopinda,
akanisimulia bei ya saruji.

Mkesha wa Krismasi mtaa ulikuwa mtupu.
Stendi ya Mbezi ilishameza watu wake,
huyu Tukuyu, yule Moshi, kila mmoja na kuku wake.
Mimi nauli yangu iko kwenye koti ulilovaa,
na wala sikudai.

Nikavuta uvunguni kiatu chako cha Bata,
cha kushoto, kile chenye bakuli iliyokatika.
Nikakipangusa vumbi. Nikakiweka mlangoni.
Nikapima kikombe kimoja kamili, sikupunja.

Asubuhi nilikuta maganda matupu
na Kudra, mdogo wake Shakila, amekaa kizingitini,
ganda jekundu limemganda mdomoni.
Nani kala?
Mgeni.
Mgeni gani?
Amepita.

Sikumkaripia. Sikukuu ni sikukuu.
Nikamwosha uso kwa ncha ya khanga
naye akaninong'oneza, kwa huruma kabisa,
kama anayenitunzia siri:
Bibi, umesahau chumvi.

Sikusahau.