Anwani ya Kupokelea Barua

Fomu ya kampuni iliniuliza:
barua zako za serikali atazipokea nani?
Mimi Jumatatu niko Koboko natafuta karanga,
Alhamisi niko Nebbi nauza siagi yake.
Kibanda changu hakina namba, kina mlango wa bati
na jirani anayefuga bata.

Kaka yangu Anguyo alijitolea upesi.
Ana suti, ana maneno.
Ana simu tatu pia, wala moja haipokelewi.

Nikamwandika Ondoma, fundi cherehani,
barazani kwake, Arua, ng'ambo ya msikiti,
mtu ambaye vifungo vya koti la marehemu
amevitunza kikoponi mwaka wa tisa huu
akingoja mjane aje.

"Nikitia sahihi, deni lako litakuwa langu?"
"Hapana. Lako ni kupokea,
na kuniarifu siku hiyohiyo."
Alifikiri. Akajifuta mafuta ya cherehani kidoleni,
akatia sahihi.

Agosti, mvua ikipiga, ikaja ya kwanza, ya kodi,
imelowa hadi kwenye mhuri.
Mwanawe alinikuta sokoni, anahema.
Bahasha ilikuwa kavu, bado ina joto:
Ondoma alikuwa ameipiga pasi.