Mia Tano na Nne

Mwalimu Anzori alihesabu matufaha kwa sauti,
nasi tukimfuata kwa midomo mitupu, kama waumini,
na alipofika mia tano na nne akafunga gunia, akasema basi.
Yaliyosalia mtini yalikuwa ya nguruwe.
Hatukumuuliza. Aliyepewa tufaha haombi maelezo.

Shule yetu ya Svaneti ilikuwa chumba kimoja,
jiko la kuni katikati, theluji hadi kwenye kioo cha dirisha,
wanafunzi tisa wa madarasa matano.
"Nani ataniambia, bila kugawanya,
kama tisa inaingia humu?"
Aliandika 504, chaki ikabaki hewani.
"Zikusanyeni tarakimu zake: tano, sifuri, nne.
Tisa hupenda kujiona. Jumla ikiwa tisa,
au ikimzaa tisa mwingine, mlango uko wazi."
Kila mmoja hamsini na sita. Yangu niliyabeba kwa sketi,
mawili yakaporomoka mteremkoni hadi kwa jirani.

Mwaka uliofuata Tsiala alikuwa Thesaloniki,
ambako mama yake anamwogesha bibi wa watu kwa mshahara.
"Sasa nane," akasema mwalimu, bila kutazama dawati.
"Nane haitaki porojo. Kata nusu, kata tena, kata tena.
Ukikwama njiani, si yake."
Mia mbili hamsini na mbili.
Mia moja ishirini na sita.
Sitini na tatu!
Tulipiga makofi, kisha tukanyamaza,
maana Gvantsa alikuwa ameshaona: yameongezeka saba.
Saba kila mtu, na hakuna mti uliozaa zaidi.

Murman alihama baada ya theluji kuporomoka na kuzoa zizi lao.
Saba, mwalimu alituonya, ni namba yenye kinyongo,
wengi hufa hawajaijua kanuni yake.
"Mng'oe wa mwisho. Mzidishe mara mbili.
Kisha mtoe kwa waliosalia."
Nne ikawa nane; hamsini toa nane, arobaini na mbili.
"Saba mara sita!" nilipiga kelele, nikala moja hapo hapo.
Lilikuwa chachu.
Mng'oe wa mwisho: nilidhani anazungumzia hesabu.

Ilo na baba yake, Polandi.
Kanuni ya sita tuliisoma tumevaa makoti, kuni zilikuwa mbichi:
sita ni ndoa ya mbili na tatu,
namba iwe shufwa, na jumla ya tarakimu ikubaliwe na tatu.
Themanini na manne. Nyumbani tulishachoka na jamu.

Mwaka wa tano, Gvantsa akiwa kwa shangazi yake mjini,
tulibaki watano.
Kanuni ya tano hata mtoto wa kunyonya anaijua:
sifuri mwishoni, au tano, la sivyo rudi ulikotoka.
Mwalimu aliandika namba yake, akaikodolea ile nne
kama mtu aliyejifungia nje, ufunguo uko ndani.
Hapo ndipo nilipong'amua, na miaka yangu kumi na mmoja,
kwamba aliichagua. Tisa mara nane mara saba.
Usiku fulani, kabla ya tufaha la kwanza,
aliketi akatafuta namba itakayogawanyika sawa
hata tukipungua, na tukipungua tena.
Alijua.
Ila hakufika hadi tano, au hakutaka kufika.

Mia kwa kila mmoja, yakabaki manne.
"Ya nguruwe?" aliuliza Beka, mdogo kuliko sote.
Mwalimu alichukua moja, akalifuta kwa mkono wa koti,
akaliweka kwenye dawati la Tsiala.
Kisha kwa Murman. Kisha kwa Ilo.
Kwa Gvantsa alichelewa kidogo.
Akasema fungueni madaftari.

Yalikaa pale hadi Januari, yakisinyaa,
darasa zima likinuka siki.
Hatukuyagusa.
Panya waliyagusa.