Komeo

Kwenye kona ya Ráth Eala, njia ya kwenda mnadani,
magari hupunguza mwendo hata pasipo na ng'ombe.
Dereva wa lori la maziwa hugusa kofia.
Ukimuuliza, atakwambia ni utelezi.

Hapo ndipo walipomtundika Lorcán Ó Duibhir,
mwaka ule wa mikuki,
kwenye mikono ya mkokoteni iliyoelekezwa juu,
maana mti wa miiba ulikuwa mfupi
naye alikuwa kijana mrefu.
Askari mmoja alimvua buti kwanza.
Zilikuwa mpya. Zikampwaya,
akazitupa mtaroni kabla ya kufika mjini.

Tangu hapo, husema watu, anatembea pekupeku.
Nóinín wa kinuni aliona nyayo kwenye sakitu,
vidole vyote kumi,
zikitoka mtaroni, zikikoma kwenye ukuta wetu.
Wengine husikia chafya tu.
Marehemu Cathal aliulizwa saa,
akajibu kwa adabu,
kisha akatimua mbio maili mbili na mguu wake mbovu.

Kila Novemba nyanya aliacha juu ya ukuta
jozi ya buti zilizopakwa mafuta ya kondoo.
"Baridi haina dini," alisema.
Mimi nilishika taa.

Lakini hadithi hii
inayojua idadi ya askari, rangi ya farasi,
hata bei ya zile buti,
kuna mahali inakohoa na kugeuka.
Mlango wa akina Duibhir haukuvunjwa.
Komeo lake lilikuwa kaidi:
uliinue kidogo, uvute kwako,
ndipo usukume kwa goti la kushoto.
Mgeni angehangaika nalo mpaka kuche,
na Lorcán angekwisha toka kwa dirisha la nyuma.

Kikulacho hakipigi hodi.

Goti la kushoto. Nimelijuaje?
Siku moja tulikwenda gofuni kwao kutafuta kuku aliyepotea.
Mlango ulikwisha oza kabla nyanya hajazaliwa.
Akasimama pale penye nyasi,
mkono wake ukainua kitu kisichokuwepo,
ukavuta,
na goti likaenda lenyewe.
Alipogeuka akanikuta nikitazama.
Hatukumpata kuku.

Mwaka huu zamu ni yangu.
Nimenunua namba arobaini na sita.
Mwenye duka akatazama miguu yangu,
akauliza ni za nani.

Nikasema, za jirani.