Sindano ya Kofia

Nimeilaza ubavu juu ya meza ya kukatia nguo,
skrubu nne nimezitia kwenye kisahani cha kahawa
zisije zikapotelea uvunguni kama zile za mwaka jana.
Ndani, vumbi la Limbani, jekundu, laini,
limetua kwenye mbawa za feni
kama poda shingoni mwa mtoto aliyetoka kukogeshwa.

Miaka sita prosesa hii imenichorea nyumba.
Nyumba za watu walio Maskati, walio Dubai,
wanaotaka kuiona baraza kabla ya tofali la kwanza,
wanaoniandikia: Salhia, nitilie jua la alasiri,
nitilie mjohoro pale mbele, na kivuli chake.
Kivuli ndicho kinachoiua.
Naibonyeza baada ya Isha, naiacha ihesabu miale,
alfajiri naikuta imefika asilimia arubaini na moja,
feni inavuma utadhani mashine ya kusaga,
au naikuta imezimika, umeme ulikatika saa nane,
na nyumba ya Bwana Ghalib Mbarouk
imebaki bila paa.

Hii mpya si mpya. Imeshatumika kwa watu.
Shemegi Suwedi kanipatia Darajani,
kaivingirisha kwenye soksi, kaitia mfukoni mwa koti,
na koti hilohilo
akalikalia njia nzima.

Soketi ina vitundu elfu moja na mia tatu na ushei.
Prosesa ina miguu idadi ileile, ya dhahabu,
kila mguu na tundu lake.
Naikaribisha. Haikaribii.
Nageuza taa. Pembeni, safu ya tatu,
mguu mmoja umemlalia mwenzake begani
kama msafiri aliyeshikwa na usingizi.

Laki tatu na nusu.
Mikono yangu ikaanza kunisaliti.

"Kuna nini?" mama kauliza,
uso hajaunyanyua kwenye kofia yake.
Kijiguu kimepinda.
"Chembamba kiasi gani?"
Kama uzi, mama. Chembamba kuliko uzi.
"Kuliko uzi wangu? Kilete."

Jicho lake la kushoto lina ukungu,
la kulia linajitahidi.
Lakini vidole vyake vinatoboa kofia tangu sijazaliwa,
kitundu akakizungushia uzi, kitundu akakizungushia uzi,
kofia moja miezi mitatu.
Akaipapasa. Nikafumba macho,
mimi ninayeona.
Mwili una umeme wake, nikamwambia, shika chuma kwanza.
"Nimeshika sindano. Si chuma?"

Akapitisha ncha chini ya kile kijiguu,
akakiinua kama anavyoinua uzi uliokosea njia,
si kwa nguvu, kwa pumzi.
"Hizi nani anazitunga?"
Mashine, mama.
"Ndo maana."

Ikaingia. Yenyewe, kwa uzito wake, bila sauti.
Nikatia dawa ya joto, tone kama punje ya choroko,
nikaibana feni, kona hii, kisha ile ya mkabala,
nikabonyeza.

Skrini nyeusi.
Feni inazunguka, inasimama, inazunguka.
Bodi nilishaifundisha tangu juzi jina la mgeni wake,
lakini mgeni na mwenyeji hawajazoeana.
Nikahesabu mpaka sitini. Nikaanza tena.
Kisha mlio mmoja, mfupi,
wa mtu anayejikohoza mlangoni kabla ya hodi.

Nyumba ya Ghalib Mbarouk, yote, na paa lake,
na kivuli cha mjohoro kimevuka ngazi,
imekwisha kabla birika halijachemka.
Nikamwita mama. Akasogea mpaka pua ikagusa kioo.
"Baraza nzuri. Nani atakaa?"
Nikamwambia mwenyewe hajasema lini atarudi.

Ile kongwe kaichukua yeye.
Imo kwenye kopo la sindano, juu ya kipande cha bafta,
miguu juu.
Umeme ukikatika huitoa, akaipapasa safu kwa safu,
anatafuta uliokosea.
Bado hajaupata.